Namna ya Kuisikiliza Safari Nzima ya Black Sabbath Ukiwa Lamu

Kundi la Black Sabbath la Uingereza lilitoa albamu 19 za studio kati ya mwaka 1970 na mwaka 2013. Katika muda huo waimbaji waliingia na kutoka, wapiga ngoma nao wakaingia na kutoka, na mtu mmoja peke yake ndiye aliyekuwamo katika albamu zote, naye ni mpiga gitaa Tony Iommi. Anayeliendea lundo hilo bila mpango hupotea, na mimi nilipotea. Kanda yangu ya kwanza ilikuwa Heaven and Hell, ambayo mgeni mmoja aliiacha katika nyumba ya wageni ya Shela nilikokuwa nikifanya kazi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ile sauti pana ya Ronnie James Dio ndiyo iliyokuwa sauti ya kundi tangu siku ya kwanza. Nilipokuja kumsikia Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa kundi, niliona kama nimepewa kundi jingine lenye jina lile lile, nikaiweka kanda ya pili kando, na ikapita miaka kabla sijairudia. Ninaandika mwongozo huu ili kijana wa Lamu anayeanza leo asiipoteze miaka hiyo.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: usiifuate safari hii kwa waimbaji wake, ifuate kwa mkono wa kulia wa Iommi. Waimbaji watakuchanganya, kwa kuwa kila mmoja ana mashabiki wanaodai kwamba enzi ya mwenzake haihesabiki. Mkono haukuchanganyi. Ulijeruhiwa kabla kundi halijazaliwa, ukalazimika kutafuta njia yake wenyewe ya kushika nyuzi, na njia hiyo ndiyo iliyoleta uzito ambao baadaye ulimwengu uliuita hevi metali.

Matayarisho

Usitumie spika ya simu. Muziki huu umejengwa chini, kwenye gitaa la besi na ngoma kubwa, na spika ndogo ya simu huikata sehemu hiyo yote ikabakisha mkwaruzo mtupu, ndipo msikilizaji akasema kwamba hizi ni kelele. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio, au redio yenye spika kubwa, kisha ufanye jaribio hili: fungua wimbo wa N.I.B. katika albamu ya kwanza, ambao mwanzoni mwake Geezer Butler anapiga besi peke yake. Ukizisikia noti zake zikitembea moja baada ya moja, kila moja na umbo lake, chombo chako kinafaa. Ukisikia mvumo tu, tafuta kingine kabla hujaendelea.

Pakua albamu nzima, si nyimbo za kuchaguliwa, na uzipakue mapema, bando likiwapo na umeme ukiwapo. Hakikisha pia kwamba simu haijazipanga nyimbo kwa alfabeti, kwa sababu mpangilio wa santuri ni sehemu ya kazi yenyewe. Albamu tatu za mwanzo hazifiki dakika 45 kila moja, kwa hiyo kikao kimoja cha usiku kinatosha albamu moja pamoja na mazungumzo yake.

Wakati ulio bora huku kwetu ni baada ya sala ya isha, mnamo saa tatu za usiku, vichochoro vya Mkomani vinapotulia kiasi cha kusikika kwato za punda anayepita mtaa wa pili. Lakini utulivu huo huo ndio unaoichukua sauti hadi kwa jirani. Kuta zetu za mawe ni nene, ila madirisha na madaka hayana siri, kwa hiyo wanaosikiliza pamoja kwa redio wakae ndani. Pasipigwe chochote mtaani penye matanga au darsa, na kama kikao ni cha jioni sauti izimwe kabla ya adhana, si baada ya muadhini kuanza. Tarabu nayo huyatii masharti haya.

Jambo la jina lisikwepwe, maana mzazi atauliza. Vijana wale walikuwa wakijiita Earth, wakagundua kwamba kuna kundi jingine lenye jina hilo, ndipo wakachukua jina la filamu ya kutisha ya mwaka 1963 aliyoigiza Boris Karloff. Wimbo wao wenye jina hilo unamhusu mtu aliyeingiwa na hofu baada ya kuona umbo jeusi likimnyooshea kidole, naye anamlilia Mungu amsaidie. Butler, aliyetunga maneno ya nyimbo nyingi, alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki, na katika albamu ya tatu wimbo wa After Forever unazungumzia imani waziwazi. Misalaba ya mwanzo waliyoivaa shingoni ilitengenezwa kwa aluminiamu na baba yake Ozzy. Tunazo tenzi zetu za mawaidha zinazoeleza kaburi na adhabu kwa maneno makali kuliko yoyote ya Black Sabbath, na hakuna aliyemdhania mtunzi kwamba anaiabudu adhabu aliyoieleza. Mzazi anayeuliza asibishiwe, bali aonyeshwe maneno ya nyimbo na asomewe maana yake.

Habari ya vidole, ambayo lazima uijue kwanza

Birmingham ulikuwa mji wa viwanda, na watoto wa mtaa wa Aston waliozaliwa mwaka 1948 na 1949 walijua kwamba shule ikiisha kiwanda kinawangoja. Ozzy alifanya kazi kwenye machinjio, na kabla yake kwenye kiwanda cha honi za magari. Iommi alikuwa katika karakana ya mabati. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, katika siku yake ya mwisho kazini, aliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza mabati ambayo hakuizoea, ikamshukia, na alipouvuta mkono, ncha za kidole cha kati na kidole cha pete zikabaki kwenye mashine. Wapigaji gitaa walio wengi hubonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wengi wao wangepona jeraha hilo na kuendelea. Iommi hutumia mashoto, na mkono wa kulia ndio anaobonyezea nyuzi.

Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepiga kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua moto, na kijana akaamua kujaribu. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga ikawa kastabini mbili za kuvaa kwenye ncha zilizokatika, akazisugua kwa msasa hadi zikamkaa, kisha akazigandisha vipande vya ngozi vya jaketi kuukuu ili zisiteleze juu ya waya. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene mno kwa vidole hivyo, na wakati huo seti za nyuzi nyembamba za gitaa hazikuuzwa, basi akatumia nyuzi za banjo.

Ami yangu, fundi wa milango ya nakshi, alipoteza ncha ya kidole cha shahada kwa msumeno, nami nilikuwa mtoto wa kumshikia mbao. Nilimwona alivyobadilisha namna ya kuishika patasi, na nilivyoona mimi nakshi zenyewe zilibadilika zikaufuata mshiko mpya: michoro ikawa mipana na ya kina zaidi, kwa kuwa ile myembamba ya zamani ilihitaji kidole alichokuwa hana. Nilipomsimulia habari ya Iommi aliniuliza swali moja tu: “Hizo kastabini, alizitengeneza mwenyewe?” Nilipomjibu kwamba ndiyo, alisema, “Basi nipigie huo wimbo wake, mwanangu.”

Usianze kusikiliza kabla ya kuielewa sehemu hii. Vidole visivyohisi waya haviwezi kukimbilia kila pambo la gitaa kama walivyofanya wapigaji wengine wa zama zake, kwa hiyo Iommi aliegemea noti mbili mbili zilizoshikamana, akaziacha zivume, na akajenga wimbo juu ya fungu fupi la noti linalorudiwarudiwa, ambalo wapigaji huliita rifu. Hilo ndilo la kulisikiliza katika kila albamu.

Mwaka 1970: vikao viwili vya kwanza

Albamu ya kwanza, inayoitwa Black Sabbath, ilirekodiwa London kwa siku moja mwezi Oktoba mwaka 1969, ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Wanne wa mwanzo, yaani Iommi, Ozzy, Butler na mpiga ngoma Bill Ward, walipiga kana kwamba wako jukwaani, na hilo linasikika. Wimbo wa kwanza unaanza kwa mvua, radi na kengele, kisha gitaa linaingia kwa noti tatu tu. Kama mwenzenu mmoja ana kinanda, mwombeni abonyeze noti moja, kisha noti ile ile ya juu yake, kisha ashuke kwenye ile iliyo katikati ya hizo mbili, hatua sita kutoka kila upande akihesabu vitufe vyeupe na vyeusi pamoja. Hiyo ndiyo rifu yote. Wanamuziki wa Ulaya tangu zamani waliuhusisha umbali huo wa noti na shetani kwa sababu ya ukali wake masikioni. Niliwahi kumpigia mzee mmoja wa huku, mpiga udi aliyekulia akimsikiliza Zein l’Abdin, mzaliwa mashuhuri wa Lamu. Alizungusha kichwa, akairudia ile noti ya tatu kwa udi wake, akasema, “Mwanangu, hapa wimbo haujatua.” Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Wimbo unakuning’iniza mahali usipoweza kukaa, na unakuweka hapo kwa zaidi ya dakika sita.

Kikao cha pili ni Paranoid, iliyotoka mwezi Septemba mwaka ule ule, na hapa ninakushauri ukae siku mbili tatu badala ya usiku mmoja. Anza na War Pigs, wimbo wa karibu dakika nane unaowashutumu majenerali na wanasiasa wanaopanga vita kisha wakawaachia maskini kupigana. Albamu yenyewe ilikusudiwa kuitwa kwa jina hilo, likabadilishwa. Sikiliza pale vyombo vinaponyamaza, Bill Ward anabaki na mchapo mwepesi wa sahani za ngoma, na Ozzy anaimba juu ya ukimya. Kisha uende kwenye Iron Man na utambue kwamba Ozzy anaimba noti zile zile zinazopigwa na gitaa, sauti na nyuzi zikipanda na kushuka pamoja. Uikumbuke alama hiyo, maana utaihitaji utakapofika kwa Dio. Wimbo wa Paranoid wenyewe, wa chini ya dakika tatu, ulitungwa harakaharaka studioni kwa kuwa albamu ilikuwa fupi, ukafika nafasi ya nne katika chati ya Uingereza, na ndio unaojulikana kuliko zote. Nauheshimu, lakini si hapo ulipo moyo wa albamu.

Moyo wa albamu, kwangu mimi, umo katika nyimbo mbili zisizopigwa sana redioni. Planet Caravan ni tulivu kabisa, kwa gitaa laini na ngoma za mikono, na sauti ya Ozzy imepitishwa kwenye spika inayozunguka hata inatoka kama inayosikika chini ya maji. Ukipata nafasi uisikilize usiku ukiwa ndani ya mashua, tanga limeshushwa. Hand of Doom inawahusu askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa watumwa wa heroini, nayo inaeleza hatua kwa hatua jinsi sindano inavyomchukua mtu. Pwani yetu inaujua unga. Wapo tuliosoma nao madrasa moja ambao leo tunawapita vichochoroni na hawatutambui, na sina wimbo mwingine wa kigeni unaonirudisha kwao kwa uchungu kama huu. Usisikilize wimbo huo katikati ya maongezi.

Kulegea kwa nyuzi, na miaka iliyofuata

Albamu ya tatu, Master of Reality ya mwaka 1971, ndiyo ushahidi wa hoja yangu. Vidole vikiendelea kumuuma, Iommi alilegeza nyuzi kwa nusutoni tatu, yaani hatua tatu za vitufe vya kinanda, ili zibonyezeke kwa urahisi, na Butler akailegeza besi yake kumfuata. Nyuzi zilizolegea zilitoa sauti nzito ambayo haikuwahi kusikika katika muziki wa roki. Ili uione tofauti kwa sikio lako, piga Paranoid, kisha papo hapo upige Children of the Grave na Into the Void. Ami yangu aliitambua bila kuambiwa kwamba kuna kilichobadilishwa, akauliza kama chombo ni kile kile. Baadaye makundi mengi duniani yalilegeza nyuzi kwa kuipenda sauti hiyo, yakiwa na vidole vyote kumi.

Kutoka hapo unaweza kuongeza mwendo. Vol. 4 ya mwaka 1972 ina Changes, ambamo gitaa limeachwa na Iommi anapiga piano. Sabbath Bloody Sabbath ya mwaka 1973 ilikuja baada ya kipindi ambacho Iommi alikaukiwa na tungo, na rifu ya wimbo wenye jina hilo inasikika kama mlango uliokwama ukafunguka. Sabotage ya mwaka 1975 ilitengenezwa wakati wa kesi na meneja wao wa zamani, na hasira imo ndani yake. Technical Ecstasy na Never Say Die! za mwaka 1976 na 1978 zisikilize mara moja tu kwa ajili ya kujua kundi lilikuwa limechoka kiasi gani. Mwaka 1979 Ozzy alifukuzwa kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, ingawa wenzake nao hawakuwa safi katika hilo.

Sasa umefika kwenye kanda iliyonipoteza. Heaven and Hell ya mwaka 1980 isikilizwe siku mpya, si usiku ule ule wa albamu za Ozzy, na kabla ya kuianza urudie Iron Man ili uisikie tena ile alama. Dio, Mmarekani aliyetoka kundi la Rainbow, hakuimba noti za gitaa. Aliimba katikati ya noti, gitaa likatandika chini naye akatembea juu yake, na nafasi hiyo mpya ikamfanya Iommi abadilishe utungaji wake, ukawa na nyendo nyingi zaidi. Katika tarabu mwimbaji huimba ubeti kisha vyombo vikapokea, na anayeujua mpangilio huo ataufahamu Children of the Sea upesi kuliko msikilizaji aliyezoea roki peke yake. Mob Rules ya mwaka 1981 inaendeleza njia hiyo, Vinny Appice akiwa amechukua nafasi ya Ward.

Miaka kati ya 1983 na 1995 ilikuwa ya misukosuko. Ian Gillan wa Deep Purple aliimba katika Born Again, Glenn Hughes katika Seventh Star, Dio akarudi kwa albamu ya Dehumanizer mwaka 1992 kisha akaondoka tena, na katikati ya yote hayo Tony Martin aliimba katika albamu tano ambazo nyingi kati yake zilikuwa adimu hadi zilipotolewa upya mwaka 2024. Huna haja ya zote. Chukua Headless Cross ya mwaka 1989, ambamo Brian May wa Queen, lile kundi la Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja, anapiga gitaa katika When Death Calls. Kati ya wanne wa mwanzo Iommi amebaki peke yake, lakini noti mbili zinazovuma ni zile zile. Katika kikao hiki ndipo utakapojua kama umejifunza kuufuata mkono.

Mwisho wa safari

Wanne wa mwanzo walikutana tena Birmingham mwezi Desemba mwaka 1997. Albamu ya mwisho, 13, ilitoka mwaka 2013 bila Ward, ambaye hakukubaliana na mkataba, na Brad Wilk ndiye aliyepiga ngoma. Iommi aliifanya kazi hiyo akiwa katika matibabu ya saratani ya tezi za limfu. Albamu hiyo iliongoza chati ya Uingereza, jambo ambalo kundi halikuwa limelipata tangu Paranoid ya mwaka 1970. Usikilize wimbo wake wa kwanza, End of the Beginning, mara tu baada ya wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, na usikie mwendo ule wa polepole ukirudi kwa makusudi baada ya miaka 43.

Ziara ya kuaga ilimalizika Birmingham tarehe 4 Februari 2017. Hata hivyo, tarehe 5 Julai 2025, Iommi, Butler, Ward na Ozzy walipanda jukwaa moja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, ndani ya mtaa ule ule wa Aston walikokulia. Ozzy, aliyekuwa akiugua ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kitini. Alifariki tarehe 22 Julai, siku 17 baadaye, akiwa na umri wa miaka 76.

Usiku huo walipiga nyimbo nne, zote za mwaka 1970. Kwa hiyo kikao chako cha mwisho hakihitaji kupakua chochote, kwa kuwa nyimbo hizo zimo kwenye simu yako tangu siku za kwanza. Zipange kama walivyozipanga wao: War Pigs, N.I.B., Iron Man, Paranoid.